Jinsi ya kuishi na furaha: maelekezo ya mtunza ufunguo wa kikoba

Mimi ni mtunza ufunguo namba mbili. Kikoba chetu cha Mbagala, yaani kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana pesa, kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu, kila ufunguo unakaa kwa mtu wake, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Alfajiri nachoma vitumbua, mchana nashona mashuka ya kuuza, lakini ukiniuliza kazi inayonipa raha nitakutajia hii ya ufunguo, ambayo hailipwi hata senti. Vijana wa bodaboda huniuliza, "Mama, mbona muda wote unacheka, una siri gani?" Siri sina. Nina utaratibu, na nitaueleza kama ninavyomwelekeza mtu anayetaka kujifunza vitumbua, bila kuruka kuloweka mchele.

Ninachoamini ni hiki: mtu hufurahi akiwa na watu wanaomtegemea kwa jambo fulani, hata dogo, na yeye akiwategemea wao kwa jambo jingine. Viwe vyote viwili. Ukiwa wa kutegemewa tu, unachoka na unaanza kuwasimanga watu kwa fadhila zako. Ukiwa wa kutegemea tu, unanyong'onyea.

Jipime kwanza

Kesho usipotoka nje mpaka saa tano, nani atagonga mlango? Wa kukudai simhesabu. Nasema yule atakayeuliza, "Huyu leo vipi?" Kama hakuna, basi tuanzie hapo. Mimi saa kumi na mbili asubuhi jiko langu lisipowaka, wanafunzi na madereva wanakuja hadi dirishani. Wanataka vitumbua, si mimi, nalijua hilo. Haidhuru. Kuulizwa ni kuulizwa.

Niliwahi kusikia redioni kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, wamefuatilia maisha ya watu tangu mwaka 1938, wanafunzi wa chuo hicho na watoto wa mitaa maskini ya Boston, na kwamba walioridhika na mahusiano yao wakiwa na miaka hamsini ndio waliokuwa na afya njema walipofika themanini. Eti hilo lilitabiri vizuri kuliko lehemu kwenye damu. Vizuri. Ila hawakusema Jumamosi saa ngapi uende wapi, na mtu mpweke anachohitaji kuambiwa ni hicho.

Chukua kazi ndogo yenye siku na saa

Kuna mzee mtaani kwetu alifanya kazi bandarini miaka mingi. Alistaafu na nyumba yake, mafao yake, watoto wameshajitegemea. Kwa hesabu za wengi huyo ndiye wa kustarehe. Akawa anashinda kibarazani na kaptula, akigombana na watoto wanaopitisha mpira. Mkewe ni mwanachama wetu; siku moja akasema, "Jamani nisaidieni, huyu mtu ananimaliza." Tulikuwa tunatafuta mhesabu fedha, tukamwita.

Siku ya kwanza alikuja amenuna. Sasa mtazame: shati limepigwa pasi, miwani ina kamba shingoni, noti anazipanga zote zitazame upande mmoja, zilizokunjamana anazinyoosha kwa kiganja juu ya paja, sarafu za mia mia anazisimamisha kumi kumi. Anataja jumla, mhesabu wa pili anarudia kuhesabu, na zikitofautiana hata shilingi hamsini hatoki mtu. Wanachama wanamlalamikia kwa kuwachelewesha. Ukimtazama usoni wakati analalamikiwa, utadhani anaimbiwa.

Kwa hiyo usitafute jambo kubwa. Kujitolea "nikipata nafasi" hakutakusaidia, kwa sababu nafasi haipatikani. Tafuta kazi ambayo usipoifanya watu wanakwama: kufungua mlango wa msikiti au kanisa, kuandika daftari, kuchemsha chai ya mkutano. Kwetu hata kumbukumbu ni kazi ya wote. Kabla ya kufunga sanduku, katibu anataja kilichobaki kwenye mfuko wa jamii, ule wa ugonjwa na msiba, na kila mmoja anakikariri. Mkutano unaofuata anasimamishwa yeyote akitaje. Tuna bibi asiyejua kusoma ambaye hajakosea hata mara moja, na anakaa mbele makusudi ili asimamishwe.

Jifunze kuomba

Hapa ndipo watu wema wengi wanapokwama. Kutoa wanatoa, lakini kuomba hata kiberiti hawataki. "Sipendi kusumbua watu." Basi na sisi tunaogopa kukusumbua, tunakupita.

Omba kitu ambacho ungeweza kununua: ndimu, iliki, ngazi, mtu wa kukuanulia nguo mvua ikinyesha. Kisha chombo cha watu kisirudi kitupu. Bakuli lililoleta maharage lirudi na maembe, au hata ndimu mbili. Ramadhani, magharibi ikikaribia, watoto wa mtaani kwetu wanapishana njiani na sahani zilizofunikwa kawa. Majirani Wakristo wanapelekewa, na Krismasi pilau inakuja kwa njia ileile. Ukifanya hesabu, kila nyumba imekula kile kile ilichopika: tambi zimekwenda, tambi zimekuja. Kiuchumi ni kazi bure kabisa, na mimi siachi.

Kuhusu pesa

Aliyeshiba asikwambie pesa haileti furaha. Mtoto akichemka homa usiku na huna nauli ya kumfikisha hospitali, falsafa yoyote inakaa pembeni. Lakini nilichokiona mimi ni kwamba kinachomfilisi mtu moyo, zaidi ya kipato kidogo, ni deni la asiyekujua. Chukua mikopo hii ya kausha damu. Unachukua laki, marejesho yanaanza hapohapo, ukikwama wanakuja kubeba televisheni majirani wakitazama. Nimemwona mtu mzima anakimbilia chooni kila akisikia pikipiki imesimama nje.

Utaratibu wa sanduku letu ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa Maradi waliosaidiwa na shirika la CARE. Benki hazikuwa karibu yao wala hawakuwa na dhamana, walidhaminiana wenyewe. Kwetu hisa moja ni shilingi 2,000, na kila mkutano unanunua kuanzia moja hadi tano. Ya sita hairuhusiwi, hata uwe na gari. Sheria hii naipenda kuliko zote, kwa sababu inakata kutambiana. Mkopo hauzidi mara tatu ya hisa zako, riba inaturudia wenyewe tunapogawana mwisho wa mwaka, na mfuko wa jamii umetengwa kwa ugonjwa na msiba. Ukichelewesha rejesho unaitwa mbele ya wenzako, unaona haya, unasikilizwa, unapewa muda. Haya hiyo inauma, ila usiku unalala.

Nenda msibani mapema, na kisu chako

Usiende msibani kama mgeni, ukakaa, ukatoa rambirambi, ukaaga. Mwanamume akafunge turubai na kupanga viti. Mwanamke mwenzangu, jifunge kanga kiunoni, uzunguke nyuma ya nyumba uulize vitunguu viko wapi.

Nitaonekana sina adabu, lakini vicheko vyangu vikubwa maishani nimevichekea nyuma ya nyumba zenye msiba. Mnakaa chini kuzunguka sufuria, gunia la vitunguu katikati, mmoja anakumbusha vituko vya marehemu, machozi yanawatoka na hakuna ajuaye kama ni ya kilio, ya vitunguu au ya kicheko. Kule mbele mfiwa anasikia. Sijaona hata mmoja aliyekasirika. Wengine hunyanyuka kwenye mkeka wakaja kukaa nasi, wakaomba kisu.

Simu sina mengi ya kuisemea. Status za watu zitazame ukiwa umeshakula, si kabla ya kutoka kitandani.

Usichague unaowapenda tu

Nakuonya mapema: watu hawa watakuudhi. Mimi na mtunza ufunguo namba moja tulinuniana masika yote kwa sababu ya sare za kanga, yeye anataka za njano, mimi naona njano inamfaa yeye peke yake. Salamu zikakatika. Ila Jumamosi ilibidi tufike wote, maana sanduku halifunguki kwa ufunguo mmoja, na watu wameshakaa wanasubiri. Tukaanza na "lete", "shika". Baadaye likaja "mjukuu anaendeleaje na kikohozi?" Kufika kipupwe nilikuwa naye jikoni kwake nakuna nazi. Hakuna aliyemwomba mwenzie radhi, na kanga tulishona za njano.

Marafiki wa kuchagua ni watamu, lakini mkikosana kila mtu anashika njia yake. Ndiyo maana nakushauri uwe na angalau kundi moja ambalo huwezi kuliepuka kirahisi: jirani wa ukuta mmoja, kwaya, timu ya bao, kikoba.

Kama mtaani kwako hakuna kitu

Anzisha. Watu watano wanatosha kwa mchezo. Kila wiki kila mmoja anatoa shilingi 5,000, kila wiki mmoja anaondoka na 25,000, mpaka zamu iwazungukie wote. Haitamtajirisha yeyote. Zamu za mwanzo wapeni wenye shida ya haraka, lakini mpokeaji wa kwanza awe mtu mnayejua nyumba yake na ya mama yake. Andikeni kwenye daftari, si kwenye simu ya mtu mmoja. Pesa zitolewe mkononi, wote mkiwa mmekaa kibaraza kimoja. Mkianza kutumiana kwa simu tu, mtabaki na pesa mkose maongezi, na maongezi ndiyo mliyoyafuata.

Na wekeni faini tangu siku ya kwanza. Wapo wanaodhani faini inafukuza watu. Kwetu inamwambia aliyechelewa kwamba alikuwa anasubiriwa. Sisi tunakutana Jumamosi saa kumi jioni, kuchelewa ni shilingi 500, na anayeongoza kwa kulipa ni mwenyekiti.