Somo: Kurusha tone la wino kwa sauti, bila nozeli

Mteja akikuletea printa "haitoi nyeusi", mara nyingi nozeli, yaani vitundu vya kutolea wino, zimeziba. Tundu ni jembamba kuliko unywele, na wino umekaukia humo likizo nzima. Leo tuone njia iliyolifuta tundu lenyewe. Ilishughulikiwa Xerox PARC, maabara ya utafiti ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, pamoja na watu wa Chuo Kikuu cha Stanford, na mwaka 1989 Elrod na wenzake walichapisha matokeo: matone ya mikroni 300 hadi 5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kwa mitetemo ya megahezi 5 hadi 300 (megahezi ni mitetemo milioni kwa sekunde).

Hatua ya 1: Ione kwa macho. Tafuta kile kidude cha kutoa ukungu kinachowekwa kwenye mapambo ya maji. Kizamishe kwenye bakuli, kiwashe, inama utazame kwa pembeni. Maji yanavimba katikati kama kichuguu, kichuguu kinatetemeka, ndipo ukungu unatoka. Usiguse pale, panauma. Na usikiache kikaukiwe. Changu kiliungua nikiwa napokea simu. Watafiti Wood na Loomis waliyaona haya kwenye mafuta tangu 1927.

Hatua ya 2: Piga hesabu. Sauti ndani ya maji hukimbia kama mita 1,500 kwa sekunde. Gawanya kwa mitetemo milioni 150 kwa sekunde, yaani megahezi 150: urefu wa wimbi ni mikroni 10. Lenzi nzuri ya sauti hulikusanya wimbi hadi doa la karibu upana huo, na tone nalo hutoka na kipenyo kama hicho, yaani ujazo wa nusu pikolita (pikolita ni sehemu ya elfu ya nanolita, nayo nanolita ni sehemu ya milioni ya mililita). Ukitaka tone dogo zaidi, ongeza megahezi.

Hatua ya 3: Panga tabaka. Chini kabisa ni filamu ya zinki oksaidi, inayotetemeka ikipewa umeme. Juu yake kioo, na upande wa juu wa kioo lenzi: kibakuli kilichochimbwa, au lenzi ya Fresnel yenye ngazi ngazi, ambayo hutengenezwa kama wanavyotengeneza chipu. Halafu wino, uso wake wazi.

Hatua ya 4: Piga mpigo mfupi. Maikrosekunde chache tu. Sauti ina msukumo. Ukiwa mdogo uso unatikisika na kutulia, ukizidi mvutano wa uso wa wino, tone linachomoka.

Hatua ya 5: Linda kimo cha wino. Hapa ndipo penye kazi. Doa la sauti ni fupi kwenda juu kama lilivyo jembamba, hivyo wino ukipanda au ukishuka mikroni chache, sauti inakutana chini au juu ya uso na tone linakuwa bovu au halitoki kabisa. Sasa fikiria printa yenye lenzi mamia, wino unaotumika kila sekunde, na meza inayotikiswa na mtu anayepiga muhuri. Tumeliondoa tundu, tumepata kero nyingine.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kile kidude cha ukungu hakiwezi kuandika?*
Hapana. Hakina lenzi, na kwa megahezi 1.7 wimbi lake lina karibu milimita moja. Ukungu ule hutokana na viwimbi vya juu ya maji, unaruka ovyo.

*Mbona madukani hatuzioni?*
Kwa maoni yangu ni hatua ya 5, pamoja na bei ya hedi za nozeli kushuka. Ila maabara za dawa zinaitumia. Mashine ya Echo, iliyotoka kampuni ya Labcyte, hupiga sauti kwanza, husikiliza mwangwi ijue kimo cha kimiminika, kisha husogeza lenzi na kurusha tone la nanolita 2.5.

*Fundi, tone linarushwa juu, halirudi chini?*
Sahani ya kupokea imefunikwa kichwa chini juu yake. Tone dogo hivyo likigusa, linanata.

*Na wino wenye chembe kubwa?*
Hakuna tundu la kukwama, ndiyo faida yake. Lakini wino mzito kama uji hunyonya sauti. Utahitaji nguvu zaidi, na wino utapata joto.