Daftari la ngitili lisilo na tarehe wala kipimo linawagharimu wafugaji

Wafugaji wa Shinyanga hawahitaji kufundishwa ngitili ni nini. Kufungia mifugo eneo la malisho wakati wa mvua, majani yatunzwe kwa kiangazi, ni maarifa ya Wasukuma wenyewe, na ndiyo yaliyoubeba mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) kuanzia 1986 hadi 2004, ngitili zikaongezeka hadi kupita hekta 300,000. Siku hizi vikundi vinaandika maarifa hayo ili vijiji vingine vijifunze. Kazi hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Tatizo ni kinachoandikwa.

Nafungua daftari nakuta: "Tulifunga mvua zilipoanza. Eneo ekari mbili. Majani yalikuwa mazuri." Basi. Jirani anayeiga maneno hayo anafunga mwezi mzima baada yenu, majani hayakomai, na ikifika Septemba anauza ng'ombe kwa bei ya kutupa.

Mvua huweza kuanza Oktoba kwenu na Novemba ng'ambo ya mto. Kwa hiyo andikeni tarehe ng'ombe wa mwisho alipotolewa, tarehe wa kwanza aliporudishwa, wamerudishwa wangapi na sehemu ipi ilifunguliwa kwanza. Andikeni jioni ya siku hiyohiyo. Mwisho wa mwezi mtakuwa mnakisia.

Ekari ndiyo inayonisumbua zaidi. Wengi mnapima hatua 70 kwa 70. Hatua za nani? Mwenye hatua ya sentimita 80 anapata mita za mraba 3,136. Mwenye sentimita 95 anapita 4,400. Ekari kamili ni mita za mraba 4,047, yaani karibu mita 63.6 kila upande. Chukueni kamba isiyovutika, pimeni kwa futi ya fundi, fungeni fundo kila mita hadi mita 20. Kamba hiyo ni ya kikundi, na isifungie mbuzi.

Mvua pimeni kwa kopo lililonyooka kutoka kitako hadi mdomo. Chupa yenye tumbo au shingo inadanganya. Kopo likae wazi: mti wa mita 4 uwe mbali nalo angalau mita 8. Someni kina kwa rula kila siku saa tatu asubuhi, kisha mwageni. Rula nyingi zina nafasi tupu kabla ya sifuri. Ikateni, la sivyo kila mvua mtaipunja milimita kadhaa. Milimita moja ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba. Siku isiyo na mvua andikeni 0. Siku ambayo hakuna aliyesoma andikeni "haikusomwa". Nimeshaona vikundi vikiacha nafasi tupu kwa yote mawili, na msimu mzima wa kumbukumbu ukawa haufai.

Udongo utajeni kwa jina lenu: luseni, itogolo, ibushi, ibambasi, mbuga. Msiandike "udongo mzuri". Maji yanayozama upesi kwenye luseni ya mchanga hutuama kwenye mbuga ya mfinyanzi, na ushauri uliofaa huku utamharibia mtu kule. Majina ya nyasi na miti nayo yabaki ya Kisukuma kama mzee alivyotamka, na picha ya jani pembeni.

Msiwaulize wazee wa kiume peke yao. Vijana wa machungani wanajua ng'ombe huanza kula nyasi ipi, na kina mama wanaokata kuni wanajua mti upi huchipua tena. Kila maelezo yawe na jina la aliyeyatoa, kwa ridhaa yake. Dawa za miti shamba msiandike kabla mwenyewe hajakubali isomwe mbele za watu. Akikataa, ukurasa ubaki mtupu.

Kisha someni daftari kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji, aliyekuwepo asahihishe papo hapo. Nakala ya pili ikae nyumba nyingine, maana mchwa hawachagui. Mgeni akitaka kuliazima, apige picha kurasa na kuliacha kijijini.

Kazi imekaa sawa kijiji cha jirani kikiweza kufuata daftari lenu bila kuwapigia simu.

Kopo na kamba viwe tayari kabla Septemba haijaisha, na mwandishi wa kila kikundi awe na msaidizi anayejua kusoma rula, kwa sababu mvua ya kwanza mara nyingi hunyesha mwandishi akiwa mnadani.