Krenki ya Yamaha DT125: kubadili konrodi na kuirudisha senta

Ilikuja juu ya guta, tairi la mbele likining'inia nje, mwenyewe akitembea nyuma yake kama anayesindikiza mgonjwa. Ni bwana shamba mstaafu, na pikipiki ni Yamaha DT125 ya mwaka 1978. Nikamwamkia, akaitikia, nikampa stuli akae.

"Fundi, inagonga. Walisema pistoni, nikaweka pistoni. Wakasema ringi, nikaweka ringi. Bado inagonga."

"Mzee, konrodi waliishika?"

"Kuishika vipi?"

Nikajua kazi ilipo. Mimi ni fundi leti (mashine ya kuchonga chuma kikizunguka) hapa Morogoro, miaka 11 niliitumikia karakana ya kiwanda cha sukari kabla ya kufungua ya kwangu, na krenki (mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko) za hizi injini za kuchanganya oili na petroli ndizo zinazoniletea wateja kutoka mbali. Naandika ninavyoifanya kazi hii kwa sababu wengi wanaweza kubadili konrodi, chuma kinachounga pistoni na krenki, ila wanaishia hapo. Konrodi mpya kwenye krenki isiyo senta, yaani isiyozunguka kwenye mstari mmoja ulionyooka, inakula beringi kubwa na sili ndani ya miezi michache, kisha lawama inaenda kwa spea.

Kwanza uielewe yenyewe. Krenki ya gari ni chuma kimoja. Konrodi yake inafunguka kwa bolti. Ya DT ni vipande vilivyobanwa kwa nguvu: sahani mbili nzito, kila moja na mkono wake (wa kushoto unabeba magneti, wa kulia unaenda upande wa klachi), na kati yake pini inayopita kwenye beringi ya sindano ndani ya konrodi. Hakuna bolti wala kabari. Pini inashikwa na tundu peke yake, kwa kuwa ni nene kuliko tundu kwa sehemu chache za mia za milimita. Ukitaka kutoa konrodi, lazima utenganishe sahani, na ukishazitenganisha hazirudi zenyewe mahali pake.

Kupima kama konrodi imekufa hakuhitaji hata kushusha injini. Toa hedi na bloku, chomoa pistoni, peleka konrodi juu kabisa. Ishike kwa vidole, ivute juu na kuisukuma chini, wima. Hapo haitakiwi kuwa na plei hata kidogo. Wengi wanaitikisa kushoto na kulia, wanaona inacheza, wanasema imekwisha. Kucheza kwa pembeni ni haki yake: kati ya konrodi na sahani, fila geji (bapa jembamba la kupimia mwanya) ya 0.2 mm lazima ipite, na mpaka 0.7 mm hakuna ubaya. Sehemu ya juu ikiyumba zaidi ya 2 mm, hapo imechoka. Ya mzee ilipovutwa juu ilisema "kach", na mwanafunzi wangu aliyekuwa mlangoni akageuka.

Sababu niliiona kwenye tangi. Pampu ya oili iling'olewa zamani na tundu lake likazibwa, na mzee amekuwa akitia oili kwa kifuniko. Kifuniko cha nini? "Chochote kilichokuwepo."

Kushusha injini na kuipasua sitakueleza nati kwa nati. Mambo mawili tu. Magneti itoke kwa pula yake (kifaa cha kuivutia), usiichokoe kwa bisibisi. Na ukishalegeza skrubu zote, pasha kava (nyumba ya krenki) joto mpaka tone la maji lichemke juu yake, ndipo uvute krenki. Usigonge ncha ya mkono kwa nyundo ya chuma. Huyu aliyenitangulia alikuwa ameigonga: nyuzi za upande wa klachi zilikuwa zimefura kama uyoga, na sahani zenyewe zilikuwa zimeinama kuelekeana. Pigo moja la namna hiyo linaweza kuharibu krenki iliyokuwa nzima.

Krenki ikiwa mezani, osha kwa mafuta ya taa, kausha, kisha kaa chini upime kabla ya kugusa presi. Mimi hupima upana wa nje wa sahani zote mbili kwa vania, sehemu nne kuzunguka mzingo, na kuandika ukutani kwa chaki. Hupima pini imezama kiasi gani kila upande. Huweka rula ya chuma juu ya kingo za sahani zote mbili na kuchora mstari mmoja unaozikata zote, kwa msumari mgumu. Na hutazama konrodi: maandishi yake yanaelekea magneti au klachi? Washa za pembeni zipo mbili? Mwaka fulani nilibana krenki nzima, nikafurahi, nikageuka kuchukua chai, nikaiona washa moja imelala kwenye trei. Niliifungua tena, na pini ikikandamizwa mara mbili haishiki kama mara ya kwanza. Nilinunua seti nyingine kwa pesa yangu.

Kutenganisha kunataka presi. Yangu ni ya tani 20. Laza sahani ya juu juu ya vipande viwili vya chuma kinene vilivyopenya kati ya sahani mbili, karibu na pini iwezekanavyo. Vikiwa mbali na pini, sahani inapinda kabla pini haijatoka. Juu ya pini weka kipande cha mviringo chembamba kidogo kuliko yenyewe. Vaa miwani. Pini ikiachia inapiga mlio kama risasi, na chini weka gunia ili sahani isidondoke sakafuni. Kisha upande wa pili vivyo hivyo.

Matundu uyapapase kwa kidole. Mkwaruzo mwembamba wa urefu unasuguliwa kwa jiwe laini, ila usipanue tundu. Kama pini ilitoka kwa wepesi, tundu limeshapanuka, na hapo sitakudanganya: tafuta sahani nyingine kwenye injini mbovu. Wapo wanaochomelea pini kwa welding ili isizunguke. Itatembea, lakini atakayeifungua baadaye atakutukana, na atakuwa na haki.

Spea: seti inakuja na konrodi, pini, beringi ya sindano na washa mbili. Usiiamini boksi. Pima pini mpya kwa maikromita ukiilinganisha na ile ya zamani pale ambapo haikuchakaa, yaani kwenye ncha zilizokuwa ndani ya tundu. Seti ya kwanza niliyoletewa kutoka Kariakoo ilikuwa na pini nyembamba kwa 0.03 mm. Kwenye meza ni kitu kimoja; kwenye presi ingeingia kama kidole kwenye ugali. Ikarudishwa. Linganisha pia urefu wa konrodi, tundu kwa tundu. Kwenye DT125 silinda ni 56 mm na mwendo wa pistoni ni 50 mm, na konrodi ya injini nyingine inaweza kufanana nayo kabisa kwa macho.

Kubana: pini iingie sahani ya kwanza ikiwa wima. Ikague kwa skwea pande mbili inapoanza kushika, na uendelee mpaka kina ulichoandika. Presi yangu kwa krenki ndogo kama hii husoma tani 4 mpaka 6. Ikiingia chini ya 2, simama. Panga washa, beringi iliyolowa oili, konrodi ikiangalia ilikotoka, washa ya pili. Sasa sahani ya pili. Weka rula yako kwenye kingo, upande ulio nyuzi 90 kutoka kwenye pini, kisha upande wa pili wa hapo. Ule mstari uliochora ukutane. Kandamiza milimita chache tu, toa presha, angalia tena kwa rula; hapa bado unaweza kuirekebisha kwa kugonga kidogo. Ikikubali, endelea polepole huku fila geji iko kati ya konrodi na washa, na upana wa ukutani uko kichwani. Ukipitiliza, kuirudisha nyuma ni kazi kubwa kuliko yote uliyoifanya.

Sasa ndipo kazi yenyewe inapoanza.

Mimi hutumia leti kama stendi. Kichwa cha leti nakifunga kisizunguke. Krenki ndiyo izunguke kwa mkono kati ya senta mbili, zile ncha kali za leti. Matundu madogo ya senta kwenye ncha za mikono uyasafishe kwa kijiti na petroli, na ukikuta yamefura yasugue kwanza. Siku moja dayo geji (saa ya kupimia yenye sindano) ilinionyesha 0.11 mm upande wa klachi, nikakaribia kuchukua nyundo. Nikatoa krenki, nikaangalia ndani ya tundu la senta, nikakuta kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya ulezi. Nilipokitoa, kipimo kikawa kingine kabisa.

Dayo geji ziwe mbili, kila moja imekaa juu ya mkono, pale beringi kubwa inapokaa, karibu na sahani. Mbali na sahani utakuwa unapima ncha, ambazo senta imezishika. Zungusha taratibu, tafuta pale sindano ilipo juu kabisa, weka alama ya chaki, na andika pini ilikuwa wapi wakati huo. Kumbuka geji inasoma mara mbili ya ubovu: mkono ukihama 0.05, sindano itatembea 0.10. Kipimo kinachokubalika kwa Yamaha hizi ni 0.03 mm ya sindano. Unywele wa kichwa chako ni mnene mara mbili ya hapo. Mimi siiachii mpaka ifike 0.02.

Ubovu uko wa aina mbili, na ukizichanganya utagonga mpaka jua lizame.

Wa kwanza ni kupishana: sahani moja imezunguka kidogo kwenye pini kuliko mwenzake. Utaujua kwa sababu geji moja inapanda wakati nyingine inashuka, na inatokea pini ikiwa pembeni, nyuzi 90 kutoka kwenye geji. Dawa ni nyundo ya shaba nyekundu ya kama kilo moja. Toa krenki kwenye senta, ishike kwa mkono wa kushoto kwa sahani ile nyingine, na piga ukingo wa sahani ambayo mkono wake uko juu, pale pale kwenye chaki, kuelekea ndani. Pigo moja, halafu rudisha upime. Usiipige ikiwa kwenye senta, utaziharibu senta na matundu kwa pamoja.

Wa pili ni kuinama: sahani zimekaribiana au zimeachana upande usio na pini. Hapa geji zote mbili zinapanda pamoja na kushuka pamoja, na inatokea pini ikiwa juu au chini. Zikiwa juu pini ikielekea kwenye geji, sahani zimebanana upande wa mbali na pini. Ingiza kabari ya chuma laini kati yake hapo, igonge kidogo. Zikiwa juu pini ikiwa upande wa pili wa geji, zimeachana; bana sahani kwenye vaisi yenye mashavu ya alumini, tena upande wa mbali na pini. Robo ya mzunguko ya mpini wa vaisi ni nyingi kuliko unavyodhani.

Mara nyingi vyote viwili vipo. Anza na kupishana.

Ya mzee ilinianzia 0.14 upande wa magneti na 0.12 upande wa klachi, moja juu nyingine chini. Pigo la kwanza halikufanya kitu, nilikuwa nimeogopa. La pili likaivusha ng'ambo, ikawa 0.06 kinyume. La tatu, jepesi, ikabaki 0.05, lakini sasa zote mbili juu upande wa pini. Kabari. Nikagonga kama anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mtoto mchanga. 0.02 na 0.01. Mwanafunzi wangu akauliza kama tunaweza kuifanya sifuri. Nikamwambia aifanye, akagonga mara moja, ikawa 0.07, ikatuchukua nusu saa kuirudisha.

Kurudisha kwenye kava: beringi kubwa mpya zenye alama ya C3 (zina nafasi zaidi ndani kuliko za kawaida), sili mpya. Krenki nililaza usiku kucha kwenye friza ya jirani anayeuza barafu, imefungwa mfuko wa plastiki, na kava nikaipasha. Ikadondoka mahali pake bila nyundo. Ukishafunga skrubu zungusha kwa vidole. Ikiwa nzito, gonga ncha za mikono kwa nyundo ya plastiki, pande zote mbili, kwa upole, sahani zijitafutie kati.

Mzee alipokuja kuichukua nilimpa chupa ya dawa ya kikohozi ya 100 ml, nimeiosha. Kwa kilomita 500 za mwanzo, chupa moja ya oili kwa lita 2 za petroli, na asifungue gesi yote. Baada ya hapo, chupa moja kwa lita 2 na nusu. Akaipiga kiki mara mbili, ikawaka, akainamisha kichwa akiisikiliza kwa muda mrefu.

"Ile ya zamani iko wapi?"

Nikamfungia konrodi mbovu kwenye gazeti, pamoja na pini yake iliyomenyeka kama ganda la muhogo. Akasema anaipitisha kwanza kwa yule aliyemuuzia pistoni.