Jinsi ya Kusanifu Vitufe vya Kiti cha Abiria na Matundu ya Kuchajia Ndani ya Ndege

Wasanifu wengi huianza kazi hii kwa sura ya paneli, yaani umbo la kitufe, rangi ya taa na alama zitakazochapwa juu yake. Ninashauri uanze na abiria aliyechoka, aliyefunikwa blanketi usiku, anayepapasa mkono wa kiti bila kuuangalia. Kabla ya kuchora mstari wowote, kata kadibodi yenye ukubwa wa paneli unayoikusudia, ibandike kwenye mkono wa kiti, kisha uketi katikati ya watu wawili na mzime taa. Kiti cha daraja la kawaida kina upana wa sentimita 43 hadi 46 hivi, kwa hiyo mkono mmoja wa kiti hugombewa na viwiko viwili. Utaona mara moja kwamba kitufe kilichowekwa juu kitabonyezwa na kiwiko cha jirani, na kwamba kilichowekwa ubavuni, nyuma mno, kitabonyezwa na paja la mwenye kiti.

Mahali ninapopapendelea kwa kitufe cha kulaza kiti ni ubavu wa ndani wa mkono wa kiti, karibu na ncha ya mbele, pale kidole gumba kinapoangukia chenyewe, nacho kididimie kidogo chini ya uso wa paneli. Kitufe cha kumwita mhudumu na cha taa ya kusomea vikae mbali nacho, na kila kimoja kiwe na umbo lake: kimoja na nundu, kingine na mfereji, ili asiyeona na aliye gizani wavitofautishe kwa ncha ya kidole. Mpe pia mtu mwenye baridi yabisi ya vidole avijaribu. Kitufe kinachohitaji nguvu nyingi kwake hakijakamilika, hata kama wengine wote wamekisifu.

Kubonyezwa bila kukusudia si kero tu. Mnamo Machi 2024 ndege aina ya Boeing 787 iliyokuwa ikitoka Sydney kwenda Auckland ilishuka ghafla na makumi ya watu wakajeruhiwa, na uchunguzi ukaelekea kwenye kiti cha rubani kilichosogea mbele pasipo kukusudiwa. Hicho hakikuwa kiti cha abiria, lakini swichi ya kiti ni swichi ya kiti. Kwa viti vinavyoendeshwa na mota, hakikisha kuwa mwendo unasimama mara tu kidole kinapoondoka kwenye kitufe, kwamba mota inajizima inapokutana na kizuizi, na kwamba kuna njia ya kukirudisha kiti wima kwa mkono umeme unapokatika, kwa sababu ndege haiwezi kutua huku viti vimelala. Ziba vilevile mianya iliyo kando ya mto wa kiti. Simu ikitumbukia humo na abiria akabonyeza kitufe ili aitafute, chuma cha kiti huiponda betri ya lithiamu, na betri iliyopondwa huwaka moto.

Tundu la kuchajia lina masharti yake. Usilielekeze juu, kwa maana glasi moja ya maji ya matunda ikimwagika, sukari itaganda kwenye vigusio, yaani vipande vya chuma vinavyopitisha umeme. Lielekee mbele au lielekee chini kidogo, na kasha lake liwe na kitobo cha kutolea maji. Fuatisha pia njia ya waya wa simu kutoka tunduni hadi mkononi mwa abiria: waya huo usipite mbele ya magoti ya jirani. Ndege kubwa hutakiwa kuthibitisha kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 huku nusu ya milango ikiwa haitumiki, na waya uliovutwa mbele ya safu ya viti ni mtego wa miguu. Nchini Marekani, ndege zenye viti 30 au zaidi hutakiwa kuwa na mikono ya kiti inayonyanyuka kwa angalau nusu ya viti vilivyo kando ya ujia, ili anayetumia kiti cha magurudumu aweze kuhamia. Kama nyaya zako zinapita kwenye bawaba ya mkono kama huo, zijaribu kwa kuukunja maelfu ya mara.

Kuhusu aina ya tundu, uamuzi wangu ni USB-C, lile dogo linalopokea plagi kwa upande wowote. Tundu la kawaida la USB-A, lile la zamani la mstatili, limekusudiwa kuhimili kuchomekwa mara 1,500, ilhali la USB-C hufikia mara 10,000. Likichomekwa mara sita kwa siku, la kwanza humaliza uhai wake kwa siku 250, na la pili huenda zaidi ya miaka minne. USB-C pia huanza na volti 5 na kupanda hadi 20 baada tu ya kifaa chenyewe kuomba, jambo linaloliwezesha tundu moja kuhudumia simu na kompyuta mpakato.

Hapa ndipo hesabu ya umeme inapoanza, na usiiachie mwisho. Ndege nyingi huzalisha umeme wa volti 115 wenye hezi 400, kwa hiyo kigeuzi cha nyumbani, yaani kifaa kinachoubadili umeme ufae kuchajia, hakifai. Utahitaji kilichotengenezwa kwa ajili ya ndege, ambacho kwa kawaida hukaa chini ya viti na kuhudumia kundi zima la viti. Ukiahidi wati 60 kwa kila kiti katika ndege ya viti 180, umeahidi kilowati 10.8, mzigo ambao huenda ndege isikubali kuubeba. Weka mgawanyo: simu iliyokwisha kujaa ipunguziwe, na ziada iende kwenye kompyuta inayohitaji. Kumbuka na joto. Safu ya viti vitatu inayotoa wati 180 kupitia kigeuzi chenye ufanisi wa asilimia 90 huacha wati 20 za joto chini ya kiti, mahali ambapo abiria wamesukumia mifuko na blanketi. Zaidi ya hayo, hewa ya kabini huweza kuwa nyepesi kama ya mwinuko wa mita 2,400, nayo haipozi vizuri kama ile ya mezani pako. Pima joto katika hali hiyo, na weka kitambuzi cha joto ndani ya tundu lenyewe, kwa kuwa kigusio kichafu huweza kuungua muda mrefu bila fyuzi kukatika.

Mnamo Septemba 2, 1998, ndege ya Swissair, safari namba 111, ilianguka baharini karibu na Nova Scotia, Kanada, na watu wote 229 wakafa. Wachunguzi walikuta dalili za cheche kwenye waya wa mfumo wa burudani wa abiria, na mfumo huo ulikuwa umeunganishwa mahali ambapo swichi ya marubani ya kukata umeme wa kabini haikuufikia. Sisomi taarifa hiyo bila kurudi kwenye michoro yangu. Mfumo wako lazima uwe na swichi kuu ambayo wahudumu wanaifikia kwa haraka, inayozima matundu yote bila kuzima taa za dharura. Mwombe mhudumu asiyewahi kuuona mfumo wako aitafute, nawe umhesabie sekunde.

Paneli yenyewe huidhinishwa pamoja na kiti: plastiki yake hupimwa kwa moto, kingo zake zisiwe kali, na kiti hujaribiwa kwa mshtuko wa kwenda mbele unaofikia mara 16 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Zungumza na mtengenezaji wa kiti mapema.

Mwishowe, fikiria fundi atakayebadilisha tundu kati ya safari mbili. Tundu litoke peke yake, bila kugusa vitufe, na skrubu zibaki zimeshikiliwa na paneli hata zinapolegezwa, kwa sababu iliyoangukia ndani ya kiti chenye mota na nyaya hulazimu kiti kizima kifunguliwe kabla ya ndege kuruka.