Umetolewa POP (plasta ngumu ya mfupa uliovunjika) mguuni ukaambiwa uende fizio (tiba ya mazoezi ya viungo), basi tarajia haya

Wengi nnaowapokea hapa wameanguka na vespa au wameteleza juu ya mkarafuu, na swali lao ni moja, lini ntakaa tahiyatu, kile kikao cha kukunja magoti kwenye sala? Haya, twende polepole.

Siku ya mwanzo. Njoo na eksirei na karatasi zako zote. Vaa suruali pana, kinamama tieni suruali chini ya buibui, na ukitaka uhudumiwe na mwanamke mwenzio sema mapema, hakuna atakaenuna. Siku hiyo maswali mengi kuliko mazoezi: kwenu kuna ngazi? choo cha kuchuchumaa? unalala chini? Halafu ntapima goti linakunja digrii ngapi. Kukaa kitini inatosha kama 90, tahiyatu inataka zaidi ya 130, kwa hivyo ukiweza kiti usinambie ushapona. Kwa sasa sali kitini.

Paja likiwa limekonda usishtuke, msuli usiotumika hunywea.

Maumivu. Hapa ndo watu wanapokimbia. Goti lililokakamaa likikunjwa litauma tu, tunapima 0 mpaka 10, ikiwa 4 hivi endelea, ukianza kuzuia pumzi punguza. Kesho yake jiangalie, kama maumivu yamerudi chini sawa, kama goti limevimba na lina moto basi tumezidisha, punguza idadi lakini usiache kabisa. Na kule kuchuliwa kwa nguvu acheni tafadhali, hasa kiwiko cha mkono, kukivutavuta kunaweza kuotesha mfupa ndani ya msuli, nikisema watu wanacheka.

Mashine ya umeme. Inatekenya, inatuliza maumivu, basi. Kuna wanaotolewa waya tu washavaa viatu wanaaga, we rudi hapa bwana kazi haijaanza!

Nyumbani. Kidogo kidogo kila baada ya sala ni bora kuliko saa nzima Jumapili. Kaa chini, pitisha kanga kwenye unyayo, vuta taratibu kisigino kije kwako. Kisha weka taulo lililokunjwa chini ya goti, likandamize kwa kukaza paja, hesabu mpaka 5, achia, rudia mara 10. Ramadhani fanya baada ya futari tumbo likishatulia.

Usisubiri siku yako ya kliniki ikiwa shavu la mguu limevimba mguu mmoja tu, linauma na lina moto, huenda damu imeganda ndani. Usilichue, nenda hospitali siku hiyohiyo, na kama kifua kinabana au pumzi fupi, hata iwe usiku wa manane.