Kabla hujalipia gari la kale, hakikisha ndilo lenyewe

Watu huanza na rangi, viti na mlio wa injini. Hayo yaache mwisho. Gari bovu hutengenezeka, lakini gari lenye utambulisho wa kughushi halina fundi.

Kadi ya gari iwe halisi, si nakala. Jina la kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia, na akuonyeshe kitambulisho. Akisema gari ni la marehemu mjomba wake, aje na hati za mirathi.

Namba ya chesisi isome mwenyewe kwenye gari, usisomewe. Waliozoea magari ya sasa hutafuta tarakimu na herufi 17, ila Marekani ililazimisha mtindo huo kuanzia magari ya 1981. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na utaratibu wake, kwa hiyo namba fupi peke yake isikutishe. Jifunze utaratibu wa kiwanda husika kabla hujaenda kuliona gari. Namba ya Ford Mustang ya 1965 huanza na 5, ambayo ni mwaka, ikafuata herufi ya kiwanda, halafu 07, 08 au 09 kwa aina ya bodi. Ile ya paa la kukunja ni 08. Ukiona paa la kukunja na namba inasema 07, paa hilo halikutoka kiwandani.

Sasa nisikilize vizuri. Namba huwa mahali zaidi ya pamoja, na panapofikika kirahisi ndipo panapochezewa. Rafiki yangu alinunua Volkswagen Beetle iliyotangazwa kuwa ya 1967. Kibao cha namba cha mbele, ndani ya boneti, kilianza na 117: 11 ni aina ya gari, 7 ni mwaka wa modeli. Kadi nayo ilisema hivyohivyo. Alipoomba kiti cha nyuma kiinuliwe, muuzaji akamwambia kimekaza, na chini yake kuna betri tu. Betri kweli iko hapo. Lakini hapohapo, juu ya tuta la katikati ya sakafu, ndipo kiwanda kilipogonga namba kwenye chuma chenyewe.

Akalipa. Siku ya kuhamisha umiliki, mkaguzi hakuhangaika na kibao. Aliinua kiti, akabandua kapeti iliyogandishwa kwa gundi, akasugua uchafu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Ikajitokeza namba inayoanza na 113, yaani modeli ya 1973. Bodi ya Beetle hufungwa kwa bolti juu ya sakafu yake, na hapa bodi ya gari moja ilikuwa imekalishwa juu ya sakafu ya gari jingine lililoripotiwa kuibwa. Gari likazuiliwa palepale. Muuzaji akazima simu, na hadi leo mwenzangu hajapata hata senti.

Kwa hiyo kiti kiinuliwe, kapeti ibanduliwe, na wewe uingie uvunguni na tochi. Kibao hung'olewa kwa dakika chache, lakini chuma kilichochezewa hubaki na kovu. Pitisha kidole kwenye namba. Ukisikia bonde, mikwaruzo ya grainda, puti, herufi zisizokaa kwenye mstari au alama ya kuchomelea kuizunguka, ondoka. Ribiti mpya kwenye kibao kilichochakaa nazo zitiliwe shaka.

Ukiambiwa injini ni ileile ya kiwandani, na bei imepandishwa kwa sababu hiyo, kagua tarehe ya kusubiwa (kumiminwa chuma) kwa bloku, yaani mwili wa injini. Chevrolet nyingi za miaka ya 1960 zina herufi ya mwezi, A ikiwa Januari na L Desemba, kisha siku na tarakimu ya mwisho ya mwaka. Bloku iliyosubiwa baada ya gari kuunganishwa haiwezi kuwa yake.

Kwa MG, Austin au Morris, jumba la makumbusho la British Motor Museum kule Gaydon, Uingereza, hutoa vyeti kutokana na kumbukumbu za viwanda. Gharama yake ni ndogo kuliko majuto.

Omba picha za namba zote kabla ya safari, na zipitishe polisi. Usitoe kishika uchumba kwa gari usilolishika. Usikague usiku, wala mvua ikinyesha. Ukiambiwa kuna mteja mwingine yuko njiani, mwache anunue yeye.