Somo: Namna ya kuchagua programu ya GPS kwenye simu, na maswali ya wadau

Wadau, salaam. Mtu akipotea njia, lawama zote humwangukia GPS: "Programu hii GPS yake mbovu." Tuanzie hapo hapo.

GPS haimo ndani ya programu. Ni kundi la setilaiti za Marekani zipatazo 30, zinazozunguka dunia katika kimo cha kilomita 20,200 hivi, zikitangaza saa na mahali zilipo, usiku na mchana, bure. Simu yako kazi yake kusikiliza tu. Ikizinasa nne, inapiga hesabu na kujua ilipo. Simu nyingi za sasa husikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Programu zote zilizomo kwenye simu moja hupewa jibu lile lile na chipu ile ile. Zinapoachana ni kwenye ramani, na jinsi zinavyokuchagulia njia juu ya ramani hiyo. Kwa hiyo tunachochagua hapa ni ramani.

Hatua ya 1: Jiulize kama utakuwa na mtandao siku utakayopotea

Hili ndilo swali kubwa, mengine ni nyongeza. Anayekwepa foleni mjini na anayepanda mlima hawahitaji kitu kimoja. Habari za foleni hazipatikani bila data, kwa sababu zinatokana na simu za madereva wengine zinazotuma mwendo wao muda huo huo. Google Maps ni hodari hapo, na Waze, ambayo Google iliinunua mwaka 2013, imejengwa juu ya taarifa za madereva wenyewe. Ila Waze haina mahali pa kupakua ramani ukaitunza. Mtandao ukikatika kabla hujaomba njia, umebaki na kioo kitupu.

Upande wa pili wapo Organic Maps, OsmAnd na HERE WeGo. Hizi unapakua ramani ya nchi au mkoa mzima, na njia inatafutwa humo humo ndani ya simu. Google Maps imekaa katikati: inakubali kupakua eneo, lakini bila mtandao hukupa njia ya gari peke yake. Ya miguu na ya baiskeli hakuna. Halafu ramani hiyo ina tarehe ya kuisha, usipoihuisha inaondoka. Wengi hugundua wakiwa njiani.

Hatua ya 2: Jua ramani imechorwa na nani

Organic Maps na OsmAnd zinatumia OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa mwaka 2004 na inayochorwa na watu wa kujitolea. Penye wachoraji wenye bidii utakuta hadi kisima na kijia cha uchochoroni. Pasipo na mchoraji, utakuta barabara kuu na nafasi nyeupe. Kwa hiyo mtu akikuambia programu fulani ndiyo bora, muulize: bora wapi?

Hatua ya 3: Ijaribu mahali unapopajua

Usiipeleke ugenini kwanza. Fungua mtaa wako. Tafuta uchochoro unaoupita kila siku, barabara ya upande mmoja, na duka lililohama. Kisha omba njia ya kwenda mahali ambapo ungefika umefumba macho, uone inakupitisha wapi.

Na kabla ya kuondoka, angalia alama ya chombo cha usafiri uliyoichagua kwenye programu. Mimi niliwahi kuwa juu ya pikipiki, sauti ikaniambia kwa upole kabisa, "Geuka kulia." Nikageuka. Mbele yangu kuna ngazi. Nikaitukana programu weeee, kumbe niliiacha kwenye alama ya mtembea kwa miguu tangu jana yake.

Hatua ya 4: Washa hali ya ndege, kisha omba njia

GPS ni kupokea tu, kwa hiyo simu nyingi huendelea kuipata hata kwenye hali ya ndege. Toka nje, paone mbingu, omba njia. Ikija, programu hiyo ni ya kwenda nayo popote. Uwe na subira kidogo: kwa kawaida simu hupata ratiba za setilaiti (itakuwa wapi saa ngapi) kupitia mtandao. Ikizikosa inazichukua kutoka angani, na setilaiti huzituma taratibu mno, biti 50 kwa sekunde. Hiyo peke yake ni nusu dakika au zaidi.

Maswali ya wadau

Swali: Mkuu, nikiwa katikati ya maghorofa simu inaniweka mtaa wa pili. Nibadilishe programu?

Jibu: Utabadilisha zote na utabaki mtaa wa pili. Mawimbi yanagonga kuta kabla ya kukufikia, simu inadhani yametoka mbali zaidi. Penye uwazi simu ya kawaida hukosea mita 5 hivi. Kati ya majengo marefu kosa linaongezeka. Simu zinazosikiliza mawimbi ya setilaiti kwenye masafa mawili badala ya moja, zilizoanza kuuzwa mwaka 2018, zinavumilia zaidi.

Swali: Mshale unatazama nyuma wakati mimi naenda mbele.

Jibu: Hiyo ni dira ya simu, si GPS. Vua kava kama lina sumaku, kisha ichezeshe simu hewani kwa kuchora namba nane mara kadhaa.

Swali: GPS inakula bando kiasi gani?

Jibu: Yenyewe haili; zile ratiba za setilaiti ni chembe tu. Kinachokula ni ramani inayoshushwa na habari za foleni. Betri ndiyo inaliwa, na mlaji mkubwa ni kioo. Kwenye safari ndefu punguza mwanga, au zima kioo ufuate sauti.

Swali: Kati ya OsmAnd na Organic Maps?

Jibu: OsmAnd ina mipangilio mingi mpaka inachosha, ila mpanda milima ataipenda. Organic Maps ni nyepesi, haina matangazo, unaifungua na kwenda. Mimi ninayo hiyo pamoja na Google Maps.

Swali: Mama yangu ndiyo kwanza anaanza kutumia simu ya kugusa. Nimwekee ipi?

Jibu: Ile unayoitumia wewe. Akikupigia amekwama, utajua ni kitufe gani amebonyeza.